Baiskeli isiyo na gia kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa: maswali ninayoulizwa kila siku

Naishi upande wa Rabai, juu kidogo ya Mazeras, na kazi yangu iko kwenye godauni moja Changamwe. Naenda na kurudi kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 22 nyuma. Njiani huulizwa maswali na madereva wa tuktuk, wanafunzi na wazee waliokaa barazani, na kazini huulizwa tena yale yale. Nimechoka kujibu nikihema, basi majibu ni haya.

Kwani Mombasa kuna milima?

Anayeuliza hivi huwa ni mtu wa kisiwani. Kisiwa hakina mlima wa kumtoa mtu jasho, na ukitoka Kongowea hadi Bamburi kwa barabara ya pwani utakutana na vijiinuko tu. Lakini ipe bahari kisogo uone. Upande wa Kisauni kuna Nguu Tatu na Mwakirunge. Upande wa barabara ya Nairobi ardhi inaanza kuinuka Jomvu na Miritini, na ukifika Mazeras uko zaidi ya mita 150 juu ya bahari. Ukivuka Likoni ukakata kulia pale Kombani kwenda Kwale, mlima wa Golini unakungoja na hauna haraka.

Tena mwinuko wenyewe hauji kwa mara moja. Unapanda, unashuka kwenye kibonde chenye mkondo wa maji, unapanda tena. Kwa hiyo anayetoka Changamwe kwenda Mazeras hapandi tofauti ya urefu wa sehemu hizo mbili tu, hupanda na kila kibonde alichoshuka. Wamisionari Krapf na Rebmann walipohamia Rabai mwaka 1846, njia ya kutoka mjini ilikuwa kupanda mashua hadi ndani ya hori la Tudor, kisha kuukwea mlima. Nikiwa na tope la Miritini mpaka magotini huona kwamba mashua ilikuwa wazo zuri.

Je, baiskeli isiyo na gia itapanda kweli, au unajisifu?

Itapanda. Wachukuzi wa mnazi wa Kaloleni na Rabai wamekuwa wakipandisha na kushusha mitungi kwa baiskeli hizi tangu mimi sijazaliwa, na hakuna aliyewauliza gia. Ila itapanda kwa masharti mawili: meno ya nyuma yawe yamechaguliwa kwa ajili ya mlima, na mwenye baiskeli asione haya kushuka akasukuma. Anayekosa la kwanza huumia magoti. Anayekosa la pili huacha baiskeli ndani ya mwezi mmoja na kusema kwamba milima imemshinda, kumbe kilichomshinda ni kiburi.

Na nisisitize jambo ambalo wengi hulipuuza mpaka siku waliyoanguka: kupanda si tatizo kubwa. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na nina hakika aliyesema hivyo angeielewa breki ya Black Mamba. Nitalifikia hilo.

Nichague meno mangapi?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye uamuzi wenyewe. Baiskeli yenye gia nyingi hukusamehe ukikosea, hii haikusamehi.

Hesabu yake ni nyepesi. Hesabu meno ya chenwili, yaani lile duara la mbele lenye pedeli. Gawanya kwa meno ya friwili, lile duara dogo la gurudumu la nyuma. Zidisha kwa kipenyo cha gurudumu kwa inchi, ambacho kwa Black Mamba ni 28. Jibu unalopata ndilo kipimo cha gia yako. Ukitaka kujua pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda mita ngapi, zidisha jibu hilo kwa 0.08.

Chukua baiskeli yenye 48 mbele na 18 nyuma. Inatoa 75 hivi, yaani karibu mita 6 kwa kila mzunguko. Kwa barabara ya Nyali ni raha tupu. Kwenye mlima, ukienda kilomita 10 kwa saa, miguu itazunguka mara 28 tu kwa dakika. Huko si kupiga pedeli, ni kupanda ngazi ukiwa umebeba gunia, na kila mzunguko goti linalipa.

Sasa chukua yangu, 44 kwa 22. Inatoa 56, kama mita 4 na nusu kwa mzunguko. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 10 miguu inazunguka mara 37. Bado ni kazi, lakini ni kazi ya mapafu zaidi kuliko ya goti. Mapafu hupona baada ya dakika mbili kwenye kivuli cha mwembe. Goti likiharibika ni habari nyingine.

Ushauri wangu: kama njia yako ni tambarare na ina mlima mmoja mfupi, tafuta kipimo cha 62 hadi 68. Kama unaishi Rabai, Mazeras, Mwakirunge au juu ya Kwale, teremka hadi 52 au 58. Usishuke zaidi ya hapo, maana kwenye tambarare ya Changamwe utazungusha miguu kama cherehani na baiskeli haisogei.

Na usiguse chenwili. Badilisha friwili, ni rahisi na gharama yake haikufikia nauli yangu ya matatu ya wiki moja. Friwili za meno 18 na 20 utazipata kwa fundi yeyote, ya 22 huenda ukaitafuta. Ukitoka 18 kwenda 22 cheni itakuwa fupi, basi fundi aongeze pingili moja ya ndani na moja ya nje, jumla inchi moja, na gurudumu litakaa palepale lilipokuwa.

Jambo moja la kumwangalia fundi: friwili hujikaza yenyewe kila unapopanda mlima, kwa hiyo ya zamani huwa imeng'ang'ania. Kuna kifaa chake chenye meno mawili cha kuifungulia. Fundi asiye nacho hupiga kwa patasi na nyundo, na akikosa shabaha huharibu nafasi za kufungulia, basi friwili hiyo haitoki tena ila kwa kuvunjwa. Uliza kwanza kama kifaa anacho. Kisha hakikisha amepaka grisi kwenye hesi kabla ya kufunga mpya. Utamshukuru miaka miwili ijayo.

Nipande nikiwa nimekaa au nimesimama?

Vyote viwili. Anza umekaa, ukiwa umechukua mwendo tangu kibondeni. Pedeli ikianza kuwa nzito simama, acha uzito wa mwili ukanyage, vuta usukani kidogo upande wa mguu unaokanyaga. Ukisimama mwanzoni mwa mlima mrefu utamaliza nguvu kabla ya nusu yake.

Kiti kiwe juu. Watu wengi huku hukiweka chini ili miguu ifike ardhini, wanapanda magoti yakigusa mbavu. Kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Hapo umepata kipimo.

Na ukisikia "kto" kila unapokanyaga umesimama, hiyo ni koterpini, ile pini ya mshazari inayofunga mkono wa pedeli. Imelegea. Usiendelee nayo mpaka Jumamosi, itakula chuma cha mkono na hapo pini mpya haitasaidia.

Kushuka na kusukuma si aibu?

Aibu ya nini? Mwaka 1910 mbio za Tour de France zilipitishwa kwa mara ya kwanza kwenye mlima wa Tourmalet huko Pyrenees, mita 2,115. Octave Lapize ndiye aliyetangulia kufika kileleni, na sehemu za mlima huo alizipanda kwa miguu akiisukuma baiskeli. Mwaka huohuo ndiye aliyetwaa mbio zote. Mpaka 1937 wale mabingwa hawakuruhusiwa gia za kubadilishia njiani kama za leo. Walikuwa na meno tofauti kila upande wa gurudumu la nyuma, wakifika chini ya mlima wanashuka, wanageuza gurudumu, wanaendelea.

Basi mimi nikisukuma mita 300 za mwisho pale juu ya Mazeras na mtoto wa shule akanicheka, namwacha acheke. Ukisukuma unakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Ukijilazimisha kupanda pale unakwenda 6, ukiyumbayumba mbele ya lori. Tofauti ni kama dakika moja.

Kuna wanaopanda kwa kukata kona huku na huku ili kupunguza ukali wa mlima. Kwenye njia ya kijijini isiyo na gari, sawa. Kwenye barabara kuu, hapana kabisa.

Kushuka je? Si ni kuachia tu?

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Black Mamba ya kawaida ina breki za vyuma. Ukivuta mkono, fimbo za chuma huinua raba na kuzibana kwenye upande wa ndani wa rimu. Rimu yenyewe ni ya chuma kilichong'arishwa. Ikiwa kavu inasimama vizuri kiasi. Ikilowa, raba inateleza juu ya maji na kwa mita kadhaa unavuta breki na hakuna kinachotokea. Moyo unakwenda mbele, baiskeli inaufuata.

Niliwahi kushuka kuelekea Miritini asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ya rasharasha, mwendo si mkubwa. Matatu ikasimama mbele yangu kushusha abiria. Nilivuta breki zote mbili mpaka vidole vikauma. Nilisimamishwa na rundo la mchanga wa mjenzi kando ya barabara, na mjenzi mwenyewe, mzee wa heshima, alinipa pole kisha akaniomba niurudishe mchanga wake mahali pake. Niliurudisha.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kabla mteremko haujaanza, navuta breki kidogokidogo kwa mita 20 au 30 ili raba ifute maji kwenye rimu. Sisubiri baiskeli ipate kasi ndipo niishike, naishika tangu juu. Nasukuma makalio nyuma ya kiti, maana unaposhuka uzito wote huenda mbele, na ukibana breki ya mbele ghafla umeinama juu ya usukani utaruka kama mbuzi. Raba zikibaki nyembamba kama sarafu nabadilisha, sisubiri chuma kianze kukwaruza chuma. Na kila mwisho wa wiki nakaza nati za zile fimbo, kwa sababu mitikisiko ya barabara ya vumbi huzilegeza moja baada ya nyingine.

Ukishindwa kusimama kabisa, tafuta penye mwinuko, mchanga au kichaka kushoto. Usiweke mguu chini kwenye lami kama breki. Kandambili itaondoka kwanza, kisha ngozi.

Breki ya kukanyaga nyuma si bora zaidi?

Kwa mvua ni bora mara nyingi, kwa sababu iko ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na maji hayaifikii. Baiskeli za Buffalo, zile imara za mizigo zinazosambazwa na World Bicycle Relief, nyingi zina breki hiyo. Lakini ina magonjwa yake mawili. Kwanza, kwenye mteremko mrefu ukiikanyaga mfululizo habu hupata moto na grisi hukauka, kwa hiyo kanyaga, achia, kanyaga. Pili, na hili watu hulisahau: ikitoka cheni, na breki imetoka. Usishuke na breki ya miguu peke yake, weka na ya mkono mbele.

Waliotoa Buffalo wametoa pia aina yenye mwendo wa aina mbili, unaobadilishwa kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo, ina cheni mbili na friwili mbili. Ni akili nzuri. Kama ningekuwa naanza leo ningeitazama mara mbili.

Na ile ambayo pedeli hazisimami?

Ile isiyo na friwili, ambayo gurudumu likizunguka miguu nayo inazunguka? Vijana wengine wanaipenda mjini. Kwenye kushuka Golini miguu yako itakuwa inakimbizwa na baiskeli, na siku utakayoitoa kwenye pedeli hutairudisha. Achana nayo.

Upepo unasaidia au unazuia?

Mtu wa pwani asiulize upepo bila kutaja msimu. Mazeras iko kaskazini magharibi ya mji. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, upepo unatoka kusini mashariki, kwa hiyo ukishuka kwenda mjini unakupiga usoni na ukirudi unakusukuma mgongoni. Na kwa kuwa upepo wa bahari huongezeka mchana, asubuhi unaokupinga ni mdogo na jioni unaokusukuma ni mkubwa. Yaani Mola ameupanga kwa ajili yetu sisi wa Rabai. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, hukupiga ubavuni, na joto lake ndilo linalochosha zaidi ya upepo wenyewe.

Mwenye kuishi Mwakirunge au Kwale apange hesabu yake upya.

Jua nalo: asubuhi liko machoni unaposhuka, jioni liko machoni unapopanda. Kofia yenye ukingo si urembo.

Mvua na matope?

Ardhi hubadilika upande hadi upande. Huku juu Mazeras ni mawe ya mchanga, yale yale wanayotandika watu kwenye nyua zao, na maji hupita haraka. Miritini na Jomvu ni udongo wa mfinyanzi unaonata. Masika ukikatiza njia ya ndani hapo, tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na unajikuta umebeba baiskeli ya kilo 20 badala ya yenyewe kukubeba. Wiki za mvua nyingi mimi hubaki kwenye lami hata kama ni mbali zaidi. Weka kijiti kwenye keria cha kukwangulia tope. Kijiti cha mwarobaini hakivunjiki ovyo.

Cheni yangu inashika kutu kila wiki. Nipake nini?

Chumvi ya bahari hiyo, hata huku juu inafika, na ukipita Kibarani au Makupa kila siku ndiyo zaidi. Nimeona watu wakipaka mafuta ya nazi. Yananukia vizuri, ila baada ya siku chache yanaganda na vumbi na cheni inakuwa kama kashata. Oili chafu ya gari inalainisha lakini imejaa vyembe vya chuma vinavyosaga meno. Mafuta ya cherehani ni mepesi na mazuri, huisha haraka tu. Paka tone kwenye kila pingili, zungusha, kisha ufute nje kwa kitambaa kikavu. Kufuta ndiko watu hukuacha.

Kwa baiskeli isiyo na gia mkazo wa cheni ni muhimu kuliko mafuta. Ibonyeze katikati: ipande na kushuka kama sentimita 1 hadi 1 na nusu. Ikilegea zaidi itaruka unaposimama mlimani, na utaupiga mtalimbo, kile chuma cha juu cha fremu, kwa sehemu za mwili zisizotajwa mbele za watu. Ikikaza mno itakula gololi za habu. Izungushe pedeli duara nzima ukiangalia, maana chenwili nyingi si duara kamili na kuna mahali cheni hukaza na mahali hulegea.

Ukitaka kujua kama cheni imekwisha, azima futi ya chuma kwa seremala. Pingili 12 za ndani pamoja na 12 za nje, ukipima pini hadi pini, ziwe inchi 12 sawasawa. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Zikizidi kwa moja ya nane, badilisha na friwili, maana cheni mpya kwenye meno ya zamani haitakaa.

Naweza kubeba mzigo?

Unaweza, ila mzigo unabadilisha kila nililosema. Kilo 20 za unga kwenye keria zinainua gurudumu la mbele ukipanda na kukusukuma ukishuka. Funga chini na mbele kadiri inavyowezekana, kwa mpira wa tairi la ndani uliokatwa, si kamba ya katani inayolegea. Wale wachukuzi wa mnazi husukuma kupanda na husukuma kushuka pia, mkono mmoja kwenye breki. Kama wao wenye miguu ile wanashuka kwa miguu, sisi ni nani?

Nitafikaje kazini bila kunuka jasho?

Kuteremka asubuhi hakutoi jasho jingi, hiyo ndiyo neema ya kuishi juu. Toka saa kumi na mbili kasorobo, kabla jua halijawa kali. Bebea shati kwenye mfuko wa plastiki, vaa fulana njiani, fika robo saa mapema ukae mahali penye upepo ndipo ujifute na ubadilishe. Wanaopanda asubuhi, poleni, tafuteni bomba kazini.

Na buibui?

Hili aliniuliza shemeji yangu, akanijibu mwenyewe baada ya miezi mitatu. Baiskeli iwe ile ya kike, yenye mtalimbo ulioinama. Iwe na kifuniko kizima cha cheni, si kile cha nusu. Nyuma afume wavu wa uzi kutoka kwenye madigadi hadi karibu na ekseli pande zote mbili, ili nguo isiingie kwenye spoki. Anavaa suruali pana ndani na buibui hulifunga kwa pini magotini. Anasema kinachomsumbua si nguo, ni midomo ya watu, na hiyo haina wavu.

Wakati wa Ramadhani je?

Swali gumu, na kila mtu aujue mwili wake. Kwetu sisi wa juu shida ni kwamba mlima uko jioni, wakati kinywa kimekauka na tumbo halina kitu. Mwaka wa kwanza nilijitia ushujaa, nikafika Mazeras naona nyota wakati jua halijazama. Sasa natoka kazini mapema iwezekanavyo, nasukuma kila mlima bila kufikiria mara mbili, na nina tende mbili na chupa ya maji kwenye keria adhana ikinikuta njiani. Siku za joto kali naiacha baiskeli kwa rafiki Changamwe, napanda matatu. Daku nakula viazi na mbaazi, mahamri peke yake hayafiki mbali.

Barabara kuu ina malori ya bandarini. Huogopi?

Naogopa sana, na ndiyo sababu bado niko hai. Usibanane kwenye ukingo kabisa wa lami. Ukingo huwa umemomonyoka na ukiteleza kushuka huwezi kurudi juu bila kuanguka. Kaa kama hatua moja ndani, uonekane. Ukisikia malori mawili yanakuja kwa kufuatana, shikilia usukani kwa nguvu: upepo wa la kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani linapomaliza kupita, na la pili liko hapo. Mlimani lori likiwa mbele yako linakwenda polepole, usilishike nyuma ili likuvute. Nimeona wanaofanya hivyo. Siku dereva akipiga breki, hakuna swali utakaloulizwa.

Kama kuna njia ya ndani iliyo kavu, ifuate hata ikiongeza kilomita mbili.

Taa ya dainamo inatosha?

Haitoshi mlimani. Inawaka kwa nguvu ya gurudumu, kwa hiyo unapokwenda polepole inakuwa kama mshumaa, na ukishuka kusukuma inazima kabisa, wakati huo ndipo unahitaji kuonekana zaidi. Dainamo yenyewe nayo inaongeza uzito kwenye pedeli. Tochi ya kichwani mbele, taa nyekundu ya betri nyuma, na kitambaa kinachong'aa kwenye keria. Jua huku linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na giza haliji taratibu, hudondoka.

Nikikaa Likoni au Kwale?

Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, ila jihadhari na ule mteremko wa kuingilia ukiwa umelowa: shuka, sukuma, umati ukiwa umekuzunguka usijaribu kupanda. Kutoka Kombani kwenda Kwale, ukifika chini ya Golini kunywa maji kwanza. Na kama una ndizi kwenye keria, zifiche. Nyani wa milima ya Shimba huziona kabla yako.

Kwa nini usinunue tu baiskeli ya gia?

Nimewahi kuwa nayo, ya mtumba. Ilipanda vizuri, siwezi kukataa. Kisha chumvi ikaingia kwenye waya, kifaa cha nyuma kikapinda ilipoanguka, na fundi wetu wa kijijini akakigeuza na kukigeuza mkononi kama mtu aliyepewa saa ya mzungu. Baiskeli ilikaa wiki sita ikingoja kipuri. Hii ya sasa haijakaa siku mbili. Lakini kama una goti bovu, au nyumba yako iko juu kabisa ya mlima mkali na kazi yako iko chini kabisa, nunua ya gia na usinisikilize mimi. Kila mtu na mlima wake.

Pancha ikitokea katikati ya njia?

Beba viraka, solusheni, kipande cha msasa, pampu na spana inayotosha nati zako za ekseli. Ipime nyumbani, usikisie. Ukirudisha gurudumu liweke sawa katikati kwanza, kisha vuta cheni, kisha kaza kidogo upande mmoja, kidogo mwingine, kwa zamu. Kama huwezi, mafundi wako Mazeras stendi, Miritini na Kwa Jomvu, chini ya miti. Ijumaa wengi wao hufunga kuanzia saa sita hadi saa nane hivi, basi ukipata pancha saa sita na nusu itafute kwanza kivuli.